Programu haijihamishi: imeomba, ikakubaliwa

Wiki hii nimeulizwa tena: "Kaka, hii programu inafungua dirisha lake mahali inapotaka yenyewe, kwani Linux haina uwezo wa kuizuia?" Swali hili nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika. Nazungumzia X11, mfumo wa tangu 1987 wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, ambao bado uko kwenye mashine nyingi ninazoletewa.

Programu haijihamishi, inaomba. Msimamizi wa madirisha, yaani programu inayopanga madirisha kwenye skrini, akiwaka tu, anaiambia seva ya X, ile sehemu ya mfumo inayochora skrini na kupokea kibodi na kipanya, kwamba kila ombi la kufungua dirisha, kulisogeza, kulipanua au kulileta mbele lipitie kwake kwanza. Nafasi hiyo ni ya mmoja, ndiyo maana ukijaribu kuwasha msimamizi wa pili anakataliwa. Basi dirisha likirukia pembeni, kuna aliyepiga hodi na kuna aliyefungua mlango.

Kinachonikera ni uongo unaosemwa mlangoni. Programu hutaja mahali inapotaka kukaa kwa alama mbili tofauti: PPosition, yaani "mimi programu napendekeza", na USPosition, yaani "mtumiaji mwenyewe ameagiza". Kanuni za ICCCM, yaani makubaliano ya jinsi programu na msimamizi wanavyoelewana ndani ya X, zimezitenganisha makusudi, ili agizo la mwenye kompyuta liheshimiwe kuliko pendekezo la programu. Sasa baadhi ya programu huweka USPosition wakati hakuna aliyeagiza chochote. Ni mtoto anayefika dukani na kusema "baba kasema nipewe kwa mkopo", na baba hana habari.

Hakikisha mwenyewe: andika xprop WM_NORMAL_HINTS kwenye terminali, kisha bofya dirisha korofi. Ukisoma "user specified location" na wewe hukutaja mahali popote, umeshamkamata. Kwenye FVWM, mmoja wa wasimamizi wa madirisha, watu huweka mtindo wa NoPPosition, unaopuuza PPosition tu, hakibadiliki kitu, wanasema haiwezekani. Unaotakiwa ni NoUSPosition, tena kwa programu hiyo moja tu. Ukiuweka kwa zote, hata xterm (dirisha la terminali) uliyoipangia mahali kwa -geometry haitakusikiliza. Na niseme ukweli: programu nyingine hudanganya hivyo ili zikurudishie dirisha pale ulipoliacha jana, nami sijaweza kuzichukia.

Kwa KWin, msimamizi wa madirisha wa KDE, tengeneza kanuni ya dirisha na uchague Force, yaani lazimisha. Apply Initially hufanya kazi mara moja tu dirisha linapofunguka. Programu ikiomba tena sekunde moja baadaye, inakubaliwa.

Kuna milango miwili isiyo na mlinzi. Wa kwanza ni override_redirect: dirisha lenye alama hiyo halipiti kwa msimamizi kabisa. Iliwekwa kwa ajili ya menyu na vidokezo vya muda mfupi, na anayeitumia kwa dirisha zima la programu anakosea.

Wa pili ndio unaoniumiza, kwa sababu unahusu kibodi. Msimamizi anaweza kukataa ombi la kawaida la dirisha kutaka kuandikiwa. Lakini programu ikiita XSetInputFocus moja kwa moja, seva haimuulizi mtu. Msimamizi hupata habari baadaye, na hata akiirudisha kibodi, herufi zimeshakwenda. Niliwahi kuwa katikati ya kuandika nenosiri la seva, dirisha la maongezi likaibuka, na nusu ya nenosiri pamoja na Enter vikaingia kwenye kundi la ofisi nzima. Nilibadilisha nenosiri lile huku mikono ikitetemeka.

KWin ina kinga dhidi ya wizi huu wa kibodi, yenye ngazi, kutoka None hadi Extreme, ila hukisia nia yako kwa kuangalia lini uligusa kibodi au kipanya mara ya mwisho. Nilipoweka High, visanduku vya kuomba nenosiri vilijificha nyuma ya madirisha mengine, nami nikakaa nikidhani mashine imeganda. Sasa niko Medium, na bado kila kabla ya kubonyeza Enter kwenye nenosiri natazama kwanza ni dirisha gani limewaka ukingo.