PHP haijafa, na mfumo wako hauchelewi kwa sababu ya lugha

Jamani hili swali limenichosha. Mteja anakuja anataka mfumo wa saccos, wanachama elfu mbili hivi, mikopo, marejesho, ripoti za mwisho wa mwezi, basi, na kabla sijauliza hata marejesho wanakusanyaje ananiambia "ila usitumie PHP, kuna kijana wangu anasomea haya mambo kasema imeshakufa, tumia Node". Na mwezi huu yeye sio wa kwanza kuniambia hivyo, kwa hiyo leo naandika niwe natuma linki.

La uzee tulimalize haraka. PHP, lugha ya kuandikia programu za upande wa seva, ilitoka 1995. JavaScript nayo 1995, mwaka uleule, Brendan Eich aliitengeneza pale Netscape kwa siku 10. Yaani unaambiwa achana na ya zamani halafu unapewa rika lake. Node.js ndo ya 2009, ila Node ni mahali pa kuiendeshea, lugha ni ileile. Na PHP inayosemwa vibaya mara nyingi ni ile ya enzi za toleo la 5. PHP 7 ilitoka Desemba 2015 na programu nyingi zikakimbia karibu mara mbili bila mtu kuandika upya kitu cha maana, kisha toleo la 8 likaja Novemba 2020. Wikipedia mpaka leo ni PHP. WordPress ni PHP. "Mbona Facebook walihama?" Hawakuhamia Node! Walitengeneza Hack, wakaitangaza 2014, lugha iliyotokana na PHP yenyewe, inaendeshwa na HHVM, programu ya Facebook ambayo zamani iliendesha PHP pia. Wikipedia nao walipita kwenye HHVM, wakarudi kwenye PHP ya kawaida 2019.

Sasa tuje kwenye linaloniudhi hasa. "Node ina kasi zaidi." Kasi ya kufanya nini?

Chukua ukurasa wa mikopo. Unaonyesha mikopo 200, kila mstari una jina la mwanachama, kiasi alichokopa na alicholipa mpaka sasa. Developa anavuta mikopo yote kwa kweri moja, yaani swali moja kwa databesi, safi, halafu ndani ya lupu, yaani kwa kurudia kwa kila mkopo, anarudi databesi kuuliza mwenye mkopo ni nani, na anarudi tena kuuliza jumla ya marejesho. Piga hesabu, hizo ni kweri 401 kwa ukurasa mmoja. Kila moja ikichukua milisekunde 3 tu umeshapita sekunde moja, na muda wote huo PHP haifanyi chochote, imekaa inasubiri databesi ijibu. Hamia Python, hamia Go, utasubiri vilevile. Najua kuna atakayesema Node inaweza kuzituma zote kwa mkupuo, sawa, lakini miunganisho ya databesi ina kikomo, zitapanga foleni hukohuko, na watu kumi wakifungua ukurasa huo pamoja databesi ndo inabeba mzigo wote.

Dawa yake kwenye Laravel, seti ya vifaa vya kujengea mifumo kwa PHP, ni with() kwa mwanachama na withSum() kwa marejesho, zinazovuta vyote kwa mkupuo. Kweri 401 zinakuwa 2. Kisha angalia indeksi, ile orodha inayoisaidia databesi kupata mstari bila kusoma jedwali zima, maana hapa ndo watu wanaanguka: databesi ya MySQL, ile inayotumia injini ya InnoDB, inakuwekea indeksi yenyewe kwenye kolamu inayounganisha jedwali moja na jingine, databesi ya PostgreSQL haikuwekei. Watu wanatangaza uhusiano wakidhani indeksi imekuja nao, haijaja. Jedwali la marejesho likifika mistari laki kadhaa, ukiita EXPLAIN ANALYZE, amri ya kuonyesha databesi inavyotafuta, unakuta Seq Scan, maana yake databesi inasoma jedwali zima kutafuta marejesho ya mkopo mmoja. Mstari mmoja wa CREATE INDEX unamaliza hilo. Nimeombwa mara nyingi "kuhamisha mfumo uende Node" na kazi iliyokuwa inahitajika ni hiyo.

Kingine ni malipo ya simu. Mwanachama akilipa, seva yako inapokea ujumbe wa uthibitisho, na ukichelewa kujibu ujumbe uleule unaweza kutumwa tena. Developa anaandika hivi: angalia kama namba ya muamala ipo, kama haipo ingiza. Jumbe mbili zikifika kwa pamoja, zote zinaangalia, zote zinakuta haipo, zote zinaingiza, na mwanachama aliyelipa elfu hamsini anasomeka kalipa laki. Kosa hili lipo kwenye PHP, lipo kwenye Node, lipo popote. Linazuiwa na databesi, weka UNIQUE, sharti la kutojirudia, kwenye kolamu ya namba ya muamala, ujumbe wa pili unakataliwa papo hapo na wewe unajibu "nimepokea". Hela za watu haziachiwi kwenye if, ile "kama" ya kwenye programu.

La React, maktaba ya JavaScript ya kutengenezea kurasa, nitalipitia tu. Kama mtumiaji wako ana simu ya bei ndogo na bando la siku, usimtumie megabaiti mbili za JavaScript ili aone salio. Skrini inabaki nyeupe mpaka ishuke, na bando ni lake. Tengeneza HTML, yaani ukurasa uliokamilika, kwenye seva, imtosheleze.

Node ina pake na sipingi. Ukitaka bodaboda ionekane inatembea kwenye ramani, au gumzo (chat) la watu wengi, unahitaji maelfu ya miunganisho inayobaki wazi, na PHP ya kawaida, yaani inayoendeshwa kwa FPM, inashika prosesi nzima kwa kila ombi mpaka liishe. Kwa kazi hiyo nachagua Node, na zipo njia za kuzunguka kwenye PHP ila zinaongeza vitu vya kusimamia.

Kuna jambo moja ambalo bado linanisumbua na sina uhakika nipo sahihi. Vijana wengi wanaomaliza kozi sasa hivi wanajua JavaScript peke yake. Nikimwachia mteja wa mkoani mfumo wa Laravel, baada ya miaka mitatu atampata nani wa kuurekebisha? Mfumo mzuri usio na fundi karibu ni hasara kwake. Kwa hiyo siku hizi nauliza kwanza nani atabaki nao, na kama aliyepo pale anajua JavaScript tu naandika kwa Node, bila kinyongo. Ila PostgreSQL inabaki, na ile UNIQUE inabaki.