Je, wajua kwa nini unga wa kutibu viungo vya mwili unaoponya usiku mmoja ndio wa kuogopa?

Masoko ya Kigoma na Tabora hayakosi muuza dawa za viungo: manjano, tangawizi, asali yenye mizizi, na kipakiti cha unga wa kahawia kisicho na jina. Vinafanya kazi? Kila kimoja kina jibu lake, na kwanza ujue unatibu nini.

Goti linalouma ukitembea na kutulia ukipumzika, mara nyingi gegedu yake, ule mto laini kati ya mifupa, imelika. Vidole vinavyovimba mikono yote miwili na kukakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa huashiria baridi yabisi, kinga ya mwili inapoushambulia mwili wenyewe. Dole gumba la mguu linalowaka ghafla usiku hadi shuka halivumiliki, hilo mara nyingi ni jongo: asidi ya yuriki imezidi kwenye damu na kujenga chembe zenye ncha ndani ya kiungo. Mwenye jongo anayechua kwa mafuta ya mise (kiini cha mbegu ya mchikichi) huku kila siku anakula dagaa wakavu na kushushia pombe anajisumbua bure. Dagaa wana purini nyingi, nayo ndiyo inayogeuka asidi hiyo. (Wauza dagaa wa Kibirizi, Kigoma, watusamehe.)

Manjano yana ukweli ndani yake. Kiini chake, kurkumini, hupunguza kiasi maumivu ya goti lililolika. Kinachoangusha wengi ni kipimo: tafiti hutumia vidonge vyenye miligramu 1,000 hivi kwa siku, ilhali unga wa jikoni una kurkumini kama asilimia 3. Kijiko cha chai, gramu 3, kinakupa miligramu 90 tu, na utumbo hunyonya kidogo sana kati ya hizo. Pilipili manga husaidia unyonyaji. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse dozi kubwa, anaweza kuvuja damu.

Tangawizi ina faida ndogo na kiungulia cha bure. Asali ya Tabora ni tamu, basi.

Pilipili ni habari nyingine. Krimu ya kapsaisini ya asilimia 0.025, ikipakwa mara 3 hadi 4 kwa siku, hufifisha neva zinazopeleka maumivu, lakini huchukua wiki 2 au zaidi. Wengi huacha siku ya tatu kwa sababu inachoma. Wengine hutwanga pilipili mbichi, ambayo haina kipimo, wakababua ngozi au kujisugua macho kwa mkono uleule.

Glukosamini, kirutubisho cha viungo cha madukani, ilijaribiwa Marekani kwa watu 1,583, matokeo yakatoka 2006: kwa jumla haikushinda kidonge kisicho na dawa. La kushangaza, kama asilimia 60 ya waliopewa kidonge hicho kitupu walisema wamepata nafuu. Maumivu haya hupanda na kushuka, na mtu hununua dawa yakiwa kileleni. Ndiyo maana kila muuzaji ana mashahidi.

Sasa ule unga. Mzizi haumwinui mtu kitandani kwa usiku mmoja. Deksamethazoni (steroidi) na diklofenaki (dawa ya maumivu) humwinua. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizikuta zote mbili ndani ya Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo bila lebo kuzitaja. Ukitumia mchanganyiko huo kwa wiki kadhaa, uso huviringika, sukari hupanda, tumbo hupata vidonda; choo cheusi kama lami ni damu. Usiuache ghafla pia, kwani mwili umeshapunguza kutengeneza homoni yake na unaweza kuzimia, hata kufa. Beba kipakiti hospitalini, dozi ishushwe taratibu.

Goti lililolika hupata nafuu zaidi kwa zoezi lisilouzwa. Kaa kwenye kiti kigumu, nyoosha mguu, kaza paja ukihesabu hadi 5, shusha polepole. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni, kwa wiki 6 hadi 8. Mnene akipungua kilo 1, goti hupunguziwa kama kilo 4 kila hatua.

Kiungo kimoja kilichovimba, cha moto, chenye homa juu yake, hasa baada ya kuchanjwa chale, hakichuliwi. Huenda kina usaha, na gegedu huharibika ndani ya siku chache. Fika hospitali ya Maweni (Kigoma) au Kitete (Tabora) siku hiyohiyo, wakivute kwa sindano na kupima.