Utafiti shirikishi ni nini?

Utafiti shirikishi ni ule ambao watu wanaochunguzwa wana kauli kuhusu swali litakaloulizwa, namna ya kutafuta majibu, na matumizi ya matokeo. Mtafiti wa chuo kikuu yumo na utaalamu wake unahitajika, ila haamui peke yake.

Mazoea katika sayansi za jamii ni mengine. Mhadhiri anaandika pendekezo la utafiti ofisini, anapata kibali, anachapisha dodoso na kutuma vijana wakalijaze. Mama anaacha jembe, anajibu maswali kuhusu kipato cha kaya, idadi ya mbuzi na aina ya choo, kisha gari linaondoka na hasikii tena habari zake. Makala inatoka kwenye jarida la ng'ambo, kwa Kiingereza, na mhadhiri anapanda cheo. Mwaka mwingine anafika mtafiti mpya, anauliza yaleyale.

Dar es Salaam ni mmoja wa miji ambako mtindo huu ulihojiwa mapema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujitegemea mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, na ubishi wa siku zile ulikuwa chuo kinamtumikia nani. Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia kutoka Finland, alikuwa ameishi na Wazaramo kijijini Bunju. Alipoingia BRALUP, ofisi ya chuo iliyoshughulikia tathmini ya rasilimali na matumizi ya ardhi, aliwapeleka wanafunzi wakakae na wanavijiji na kuchunguza pamoja nao. Katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Budd Hall naye alikuwa ameanza kutilia shaka madodoso, na ni mmoja wa walioieneza mbinu hii kimataifa. Mwaka 1975 ukaanza mradi wa Jipemoyo, magharibi mwa Wilaya ya Bagamoyo, ambako watafiti wa Tanzania na Finland walifanya kazi na wakulima na wafugaji wa Kiparakuyo. Huko Colombia, mwanasosholojia Orlando Fals Borda alikuwa akishika njia inayofanana. Kwa hiyo anayedhani mbinu hii tuliletewa na wafadhili pamoja na semina zao, historia inamkatalia.

Kazi yenyewe huendaje? Tuseme kikundi kinachora ramani ya kijiji ardhini, kwa majivu, kokoto na vijiti. Wanaume wanaanza na barabara, ofisi ya kijiji na mipaka ya mashamba. Wanawake wakipewa nafasi yao kando, wanaanza na visima, tena wanatenga kile kinachokauka wakati wa kiangazi na kile chenye maji ya chumvi. Ramani mbili, kijiji kimoja. Hapo mtafiti aliyekuja na swali la pembejeo anaweza kugundua kwamba suala linalowaumiza watu ni maji, na swali likabadilika. Mtafiti asiyekuwa tayari swali lake libadilike ni bora abaki na dodoso. Nalo lina kazi yake, hasa pale panapotakiwa takwimu za mkoa mzima.

Ushirikishi una mitego yake pia. Kijiji si kitu kimoja. Mwenyekiti na wenye mali huongea kwanza, wengine wanaitikia kwa adabu, na mtafiti anaandika kuwa jamii imekubaliana. Posho nayo huwaleta watu waliofuata posho. Na siku hizi neno "shirikishi" limejaa kwenye maombi ya fedha, hata pale ambapo ushirikishwaji wote ni kikao kimoja cha saa mbili na soda.

Ugumu mwingine umo chuoni kwenyewe. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili hutakiwa kuwasilisha maswali yake, mbinu zake na ratiba yake kabla hajakanyaga kijijini, wakati mbinu hii inataka maswali yazaliwe kulekule. Muda alionao ni mfupi, na msimamizi anataka sura ya kwanza. Wengi huishia kufanya nusu: wanakwenda mapema kwa siku chache kuzungumza na watu kabla ya kuandika pendekezo, na mwishoni wanarudisha matokeo kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wanakijiji wayapinge au wayaongeze kabla tasnifu haijakabidhiwa.