Antibiotiki kali hospitalini: yale tunasikia Bukavu na ukweli wake

Hapa Bukavu, toka Kadutu mpaka Nguba, mgonjwa akilazwa familia inauliza kitu kimoja: "Wameshamupiga seftriaksoni?", ile antibiotiki kali ya sindano. Wakijibiwa hapana, amepewa amoksisilini ya vidonge, nyuso zinabadilika, wanaanza kunung'unika eti munganga ametudharau juu hatuna pesa.

Dhana ya kwanza ndo hiyo, kwamba dawa ya wigo mpana, ile inayoua bakteria wa aina nyingi, ndo bora. Uongo. Kama bakteria anakufa kwa penisilini ya kawaida, penisilini inatosha kabisa. Ile ya wigo mpana inafagia mpaka bakteria wa tumboni wasio na kosa, wanabaki wale wabishi, sa nafasi yote ni yao. Ndo maana mwaka 2017 OMS, shirika la afya duniani, iligawa antibiotiki makundi 3: za kuanzia, za kuchunga na za akiba. Amoksisilini iko kwa la kwanza, seftriaksoni na meropenemu ni za kuchunga, kolistini ni akiba.

"Mimi sinywagi antibiotiki, usugu haunihusu." Usugu ni pale dawa haiui tena bakteria. Hii dhana ndo inanikasirisha zaidi. Siyo mwili wako unaozoea dawa, ni bakteria, nao hawaulizi nani alikunywa nini! E. coli, bakteria wa tumboni, anayetengeneza kimeng'enya (kemikali yake) cha kuvunja seftriaksoni anapita kwa mikono ya muuguzi, kwa choo, kwa sonda ya mkojo, anafika kitanda cha jirani, tena anaweza kugawia bakteria wengine hiyo jeni, alafu mama aliyetoka kupasuliwa uzazi anapata kidonda kisichosikia dawa na yeye hajameza hata kidonge. Mwaka 2019 usugu wa bakteria unakadiriwa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Eti kuzuia antibiotiki kali ni kuacha watu wafe? Hapana bwana. Mtu akiingia na sepsisi, yaani maambukizi yameshambulia mwili muzima, presha imeshuka, anapewa ya wigo mpana palepale. Damu ya kuotesha labo inachukuliwa kwanza kama inawezekana, alafu kisha saa 48 mpaka 72 wanaangalia upya: wabadilishe, wapunguze ao wasimamishe. Kweli, labo ya kuotesha damu haiko kila pahali, lakini ile kuangalia upya haidai mashini. Kama imeonekana ni malaria tu, seftriaksoni inaendelea juu ya nini?

Na hii dhana eti sindano ni bora kupita kidonge: kama mgonjwa anameza na hatapiki, kwa maambukizi mengi kidonge kinatosha. Tena ile katetere, kamirija ka kupitishia dawa, inayobaki kwa mkono siku na siku nayo ni mlango wa bakteria.