Paka aliyekatwa mguu wa nyuma: kumtunza nyumbani

Hapa Mombasa, mguu wa paka ukifika kukatwa, mara nyingi chanzo ni tuktuk au bodaboda. Wenye paka huogopa operesheni. Mimi huogopa zaidi wiki mbili zinazofuata, hasa kuanzia siku ya tatu, maumivu yakishapungua na paka akajiona mzima.

Usiku wa kwanza bado ana nusukaputi mwilini. Atayumba, na mwili wake hupoa hata katika joto letu, kwa hiyo usimwelekezee feni. Mfungie chumba kidogo kisicho na kitanda, kabati wala ngazi, na abaki humo mpaka nyuzi zitolewe, kati ya siku ya 10 na ya 14. Vigae huteleza, na mkeka wa ukindu juu ya vigae huteleza zaidi. Mguu uliobaki ukimtoka pembeni, huangukia mshono. Tandika gunia safi au zulia lenye mpira chini.

Choo chake kiwe na ukingo wa sentimita 5 hadi 7, maana hawezi kuruka ndani ya karai. Weka magazeti yaliyochanwa, usiweke mchanga wala vumbi la mbao, vyote huingia kidondani. Saa 24 zikipita bila mkojo, mrudishe kwa daktari siku hiyo hiyo, na akiwa dume usingoje hata hizo zitimie.

Ile koni ya shingoni, inayomzuia kulamba mshono, ataichukia. Muache nayo. Watu humvua usiku kwa huruma, na ulimi wa paka una vimiba vigumu. Asubuhi nyuzi hazipo.

Mshono mkavu haupakwi kitu. Dawa za kuulia vijidudu zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji ni sumu kwa paka, kwa sababu atazilamba. Ukihitaji kufuta uchafu pembeni, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, ufute kwa pamba. Ya kisima usitumie. Uvimbe laini usio na moto chini ya ngozi kwa kawaida ni maji yaliyokusanyika kwa kurukaruka: usiutoboe, mpunguzie nafasi. Ukiwa na moto, harufu au usaha, hiyo ni habari nyingine, mrudishe kwa daktari. Na jihadhari na inzi: kwa joto hili, mayai yao huanguliwa kabla ya siku kwisha na funza wakaingia chini ya ngozi. Chandarua dirishani hutosha.

Panadol, hapana. Wala robo. Ini la paka haliwezi kuivunja paracetamol iliyomo. Damu hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka kahawia, uso huvimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 humuua. Mpe dawa aliyoandikiwa tu, baada ya chakula. Akikataa kula, mpashie samaki wa kuchemsha, bila miiba, chumvi, nazi wala kitunguu. Kitunguu huharibu damu yake. Asiachwe siku mbili bila kula, mafuta hujaa kwenye ini.

Akigeuka ghafla kung'ata mahali mguu ulipokuwa, si wazimu wala jini. Mishipa ya fahamu bado inaleta maumivu ya mguu usiokuwepo, na dawa yake ipo, mwambie daktari.

Baadaye, mzigo ni uzito. Paka wa kilo 4 akiongeza nusu kilo, mguu mmoja wa nyuma uliobaki huzidiwa mzigo. Kisha kuna sikio la upande uliokatwa, ambalo karibu kila mtu hulisahau. Utaona kisiki kinatikisika kama anajikuna, na hakifiki. Mkune wewe kila siku, na mara moja kwa wiki litazame kwa tochi. Uchafu mweusi mkavu kama kahawa iliyosagwa mara nyingi ni utitiri. Usiuchokoe kwa kijiti cha pamba, utausukuma ndani zaidi.