Nanomita 5 Si Kipimo cha Ukubwa wa Chipu

Wiki iliyopita, katika banda la fundi simu jirani na Nyerere Square hapa Dodoma, mwanafunzi wangu alinisogezea bodi mbili za iPhone, akagusa prosesa ya mojawapo kwa ncha ya kibano na kusema, "Mwalimu, hii ni ya nanomita 5, kwa hiyo chipu yake lazima iwe ndogo kuliko ile ya nanomita 7." Nimelisikia dai hili kwa wanafunzi, kwa wauzaji, hata kwa wahandisi wenzangu, na nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Chipu ya A14 ya mwaka 2020, prosesa ya iPhone inayoitwa ya nanomita 5, ina eneo la takriban milimita 88 za mraba. A12 ya mwaka 2018, ya nanomita 7, ina takriban 83. Nanomita hizo ni jina la kizazi cha teknolojia, wala si kipimo cha chipu: katika teknolojia ya nanomita 7 ya TSMC, kiwanda kinachotengeneza chipu hizo, umbali kutoka lango moja la transista (swichi ndogo ya umeme ndani ya chipu) hadi jingine ni nanomita 57.

Eneo la chipu huamuliwa kwa sehemu kubwa na mbuni. Katika teknolojia hiyo hiyo ya nanomita 7, mbuni anaweza kuchagua seli sanifu (vipande vidogo vya sakiti vilivyochorwa tayari) zenye kimo cha nanomita 240, zinazobana nafasi, au za 300, zinazopitisha umeme mwingi zaidi na kwenda kasi. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa AMD, kampuni inayobuni prosesa za kompyuta. Kiini chake cha Zen 4, yaani sehemu ya prosesa inayotekeleza amri, pamoja na kumbukumbu yake ya ngazi ya pili huchukua milimita 3.84 za mraba. Zen 4c, yenye mantiki ile ile na amri zile zile, katika kizazi kile kile cha nanomita 5, huchukua 2.48. Wabuni walikubali kasi ndogo, kisha wakaunganisha vipande vya mchoro ambavyo awali vilitenganishwa. Aliyewahi kupimiwa kiwanja Iyumbu au Nala anajua jinsi hifadhi za barabara zinavyomega ardhi. Wabuni wa Zen 4c walipunguza mitaa, na nyumba zikabaki zile zile.

Milimita hizo zina uzito mkubwa kiwandani, kwa sababu sahani ya silikoni inayokatwa chipu, yenye kipenyo cha milimita 300, haiongezeki, na kasoro huangukia popote bila kujali chipu itakatwa wapi. Tuchukulie kasoro 2 kwa kila sentimita 10 za mraba. Chipu za milimita 100 za mraba zitaingia kama 640, na takriban 524 zitakuwa nzima. Chipu za milimita 400 zitaingia kama 143, na nzima zitakuwa 64 tu. Eneo limeongezeka mara nne, mavuno yamepungua mara nane. Ndiyo maana mwaka 2019, katika prosesa zake za Zen 2, AMD iliweka viini kwenye vipande vya milimita 74 za mraba vya nanomita 7, na sakiti za mawasiliano, ambazo hazinufaiki sana na teknolojia mpya, ikaziacha kwenye kipande cha teknolojia ya zamani. Gharama yake ni umeme na eneo la ziada la kuunganishia vipande.

Hata hivyo, kila ninapoiandika hesabu hiyo ubaoni mkono wangu husita. Kanuni ya Poisson, kanuni ya uwezekano niliyoitumia kukadiria chipu nzima, huchukulia kwamba kasoro hutawanyika zenyewe kwa zenyewe, ilhali kiwandani mara nyingi huja kwa makundi. Kasoro tano zikirundikana ndani ya chipu moja, zimeharibu chipu moja tu, kwa hiyo chipu kubwa huvuna zaidi ya kanuni inavyotabiri. Tena, chipu yenye kiini kimoja kibovu si lazima itupwe: kiini huzimwa, nayo huuzwa kama bidhaa ya daraja la chini. Ile 64 yangu basi ni kali mno. Mwanafunzi wangu nimempa hesabu hiyo airudie kwa kasoro zilizorundikana, na nimemtaka aanze na milimita za mraba.