Kwa nini mraibu wa unga yuko hatarini zaidi akishatoka gerezani?

Je, wajua kwamba siku ya kuachiwa huru inaweza kuwa ya hatari kuliko siku ya kufungwa? Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka gerezani kati ya 1999 na 2003. Katika wiki mbili za kwanza uraiani, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya wakazi wengine wa jimbo hilo.

Chanzo ni mazoea ya mwili. Anayetumia unga, yaani heroini, kila siku huuzoea, hata sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, ndiyo maana kete (kipakiti kidogo cha unga) ya mwanzo huacha kumtosha, akaongeza. Akifungwa, arosto, yaani mateso ya kukosa unga, inampiga: jasho, kuhara, mifupa kuuma, usiku kucha bila usingizi. Ikipita, mazoea nayo yanakwisha. Hamu haiishi. Akitoka anarudi maskani, anatumia kiasi kile kile alichokiacha, na mwili haukiwezi tena. Pumzi inapungua, midomo inabadilika rangi, anakoroma, na wenzake wanadhani anasinzia kwa stimu tu.

Kwa hiyo anayesema "jela imemponya" anakosea vibaya. Kukaa bila unga si tiba.

Tiba inayosaidia sana ni methadoni, dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Inazuia arosto, inatuliza hamu na kuulinda mwili dhidi ya mshtuko akirudia unga. Jimbo la Rhode Island, Marekani, lilianza mwaka 2016 kuwapa wafungwa methadoni na dawa nyingine za aina hiyo, na mwaka uliofuata vifo vya kuzidisha dawa za kulevya miongoni mwa waliotoka karibuni vilipungua kwa takriban asilimia 61.

Kwetu, hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza kutoa methadoni Februari 2011, Kenya ikafuata Desemba 2014. Mombasa, huduma hiyo imefika hadi gereza la Shimo la Tewa. Kazi ngumu iko getini. Mahakama ikimwachia mtu ghafla, bila kliniki ya nje kuwa na taarifa zake, anakosa dozi ya kesho, na arosto haichelewi. Akikosa siku kadhaa, kipimo hupunguzwa na kuanza kupandishwa upya. Ndugu wanaokwenda kumpokea wampeleke kliniki kwanza, ndipo nyumbani.